Nilivyojifunza Kuchonga kwa Kompyuta

(Maneno ya kijana mmoja wa Kombani mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ile ambayo wengi wenu mwaiita "kutengeneza katuni". Nimekubali kwa sababu kompyuta yangu ilinunuliwa kwa mkopo wa Sh. 28,000 kutoka sanduku la chama cha mamangu, na humu ndani wamo watu ambao kwa miezi mingi walinipita barabarani bila salamu. Walikuwa na haki. Leo niwaeleze pesa zao zilifanya nini.

Kwanza kazi yenyewe. Wafungua programu, na katikati ya kioo panatokea kitu cha mviringo kama mpira. Kwa kipanya wauvuta mpira huo, waubonyeza, waongeza udongo hapa, walainisha pale, mpaka utoke uso wa mtu. Waweza kuuzungusha ukaona hadi kisogo. Baadaye mwili wake hutiwa mifupa ndani, ukatembea na kusema. Humo ndimo zinamotoka filamu nyingi za watoto na michezo ya kompyuta. Hapa kwetu Kenya wapo waliotangulia: mwaka wa 2011 Andrew Kaggia alitoa filamu fupi ya Wageuzi, iliyowafanya wanasiasa wetu kuwa mashine za kupigana, na mwaka wa 2015 akatoa mchezo wa Nairobi X.

Programu ninayotumia yaitwa Blender, na haiuzwi. Wanachama wa meri-go-raundi hapa nisikilizeni vizuri. Ilianzia Uholanzi, na mwaka wa 2002 kampuni iliyokuwa ikiisimamia ilifungwa. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akaelewana na wenye mtaji kwamba wakipata Euro 100,000 wataiachilia iwe ya watu wote. Akaitisha mchango. Kwa wiki saba pesa zikatimia, na tangu Oktoba ya mwaka huo kila mtu aichukua bure, hata aliye Kombani. Hiyo si harambee? Na msidhani ni kitu cha kuchezea tu. Filamu ya Flow, ya paka asiyesema neno lolote, ilitengenezwa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji kwa programu hiyo hiyo, na Machi 2025 ikapata tuzo ya Oscar.

Lakini bure yenyewe ina gharama. Kuna stima, kuna bando la kutazamia masomo. Toleo jipya lataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Yangu ina 4, basi natumia toleo la zamani. Uso unaochongwa ni kama wavu wa mvuvi, umefumwa kwa vifundo, na mwanafunzi mwenye pupa huongeza vifundo mapema ili achonge kope na makunyanzi. Vikifika mamilioni kompyuta yaganda. Yangu iliganda hivyo, kisha stima ikapotea, na kazi ya siku tatu ikaenda. Sasa nahifadhi kila robo saa, kila mara kwa jina jipya.

Miezi sita ya kwanza nilichonga vichwa, na vyote vilikuwa vibaya. Macho yamepanda juu karibu na nywele, pua kama kiazi, shingo kama mchi. Halafu akatokea mtu kwa simu, akataka wahusika watatu kwa Sh. 15,000. Nilifurahi mno. Nikafanya usiku na mchana, nikamtumia kazi yote kabla sijapokea hata senti. Akanyamaza mpaka leo.

Mamangu ndiye aliyenidhamini. Miezi minne alilipa yeye, kwa pesa za mahamri, na mkutanoni akaambiwa kuwa pesa za wajane zimenunua gemu. Hakunieleza. Niliyapata kwa jirani.

Hapo nilitaka kuiuza ile kompyuta. Nilikuwa njiani kumwona mtu wa kununua, upande wa Msambweni, nikakaa kivulini kwa mzee mmoja Mmakonde aliyekuwa akichonga. Wamakonde wa Kwale mwawajua. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na Oktoba 2016 walikwenda Nairobi kwa miguu kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kuchonga ni kazi ya jadi yao.

Nikamwambia, "Shikamoo babu, na mimi nachonga." Akacheka. Nikafungua kompyuta nikamwonyesha. Aliangalia kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, huyu hana mfupa." Akanishika mkono akauweka usoni pangu mwenyewe. "Pima. Kutoka utosini mpaka kidevuni, macho yako wapi?" Nikapima kwa vidole. Yako katikati kabisa! Mimi siku zote nilidhani yako juu. Akanionyesha kuwa baina ya jicho na jicho paenea jicho moja, na kwamba sikio laanzia usawa wa nyusi likaishia usawa wa chini ya pua. Akasema yeye hutoa fuvu kwanza kwa tezo, vipande vikubwa vikubwa, patasi baadaye, kope na msasa ni mwisho kabisa.

Akaniuliza, "Ukikosea wafanyaje?" Nikamwambia kuna kitufe, wabonyeza na kosa lafutika. "Basi huo ndio ugonjwa wako," akasema. "Mpingo haufutiki, ndiyo maana mimi natazama kabla sijakata."

Nilirudi nyumbani na kompyuta yangu. Kwa mwezi mzima sikuchonga jicho hata moja, ila mafuvu tu na taya. Nilimkalisha mamangu mlangoni nikampiga picha ya mbele na ya ubavu, nikaziweka nyuma ya kazi yangu. Kichwa chake ndicho cha kwanza ambacho mtu aliweza kukitambua. Yeye mwenyewe alisema nimemzeesha.

Tangu hapo nimepata kazi nne ndogo. Kila mteja hulipa nusu kabla sijaanza, na nusu ya pili kabla sijamtumia faili. Ya kutazama nampa picha tu.

Nasikia vikundi viwili vyataka kununua kompyuta tano kwa ajili ya vijana. Mimi nasema nunueni moja, yenye gigabaiti 8 au zaidi, na kipanya cha vitufe vitatu. Kalamu ya kuchorea si lazima kwa anayeanza. Mumpe kijana mwaka mmoja kabla ya kumdai faida, maana kwa miezi mitatu hatapata kitu, na aibu itamwangukia aliyemdhamini. Na nauli ya kumleta yule mzee kutoka Msambweni siku mbili iwe ndani ya bajeti, kabla hata ya bando.

Deni langu limebaki Sh. 3,500. Mweka hazina, nimekuja na elfu mbili leo, nawe uniandikie risiti kwa jina la mamangu.