Maana ya Kushiriki Meza ya Bwana

Sisi tukaao Ushongo, kusini ya mto Pangani, twajua maana ya kula sinia moja. Mtu hali na yule amdharauye. Basi na tuutazame Ushirika Mtakatifu kwa jicho hilo.

Pwani yetu hii ilipitisha watumwa. Waliletwa toka bara hata Pangani, wakavushwa kwa majahazi hata Unguja. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule UMCA wakaweka papo hapo jiwe la msingi la kanisa kuu. Altare yake, kama tulivyopokea kwa wazee, yasimama penye nguzo ya kupigia watumwa. Mahali walipouzwa wanadamu pakawa mahali pa kumegewa mkate mmoja na kunywea kikombe kimoja.

Wengi hudhani kupokea isivyostahili ni kusahau kufunga. Kufunga ni kwema, wala hatukatazi. Lakini Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mwenye navyo alitangulia kushiba, na maskini akabaki na njaa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alilinena jambo hilo London mwaka 1923: amwabuduye Yesu katika Sakramenti hana budi kumhurumia katika maskini.

Na huku pwani lingali likiulizwa swali, “Huyu ni mtoto wa nani?” Enyi walimu, kabla ya kuwasikiliza wanafunzi majibu ya katekisimu, waulizeni kwanza: mtaani kwenu, ni nani msiyekula naye?