Siku ya Kwanza kwa Mtaalamu wa Kiropraktiki: Mgonjwa wa Nairobi Atarajie Nini?

1. Utangulizi

Wahudumu wa afya ya jamii wa Kangemi, Kawangware na Kileleshwa,

Mtu anapowajia akisema, "Mgongo hauponi, dawa za maumivu nimezichoka, na nimesikia Westlands kuna wanaonyoosha mgongo, niende?" mnamjibu nini? Anayeuliza huenda ni kijana wa mjengo, mhasibu wa Upper Hill anayeshinda kitini kutwa, au mpakuzi wa viazi sokoni. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini hata kilo 50 zikibebwa tangu alfajiri zinatosha kumkunja mtu. Wenzake ni wengi: mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Hoja yangu ni moja. Katika ziara ya kwanza, kazi kubwa hufanyika kabla ya tiba yenyewe kuanza. Mgonjwa anayeijua kazi hiyo atamtambua upesi mtaalamu anayeiruka.

2. Tiba hii ilikotoka na inachoweza

Kiropraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo kwa mkono, ilianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili za uti wa mgongo zilizosogea. Imani hiyo haikuthibitishwa na utafiti. Kwa hiyo, ukiahidiwa kwamba kunyooshwa mgongo kutaondoa pumu, shinikizo la damu au kukojoa kitandani kwa mtoto, shika njia urudi nyumbani.

Kilichopata ushahidi ni jambo dogo kuliko hilo, ila lina faida. Mwaka 2017, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba kusukuma pingili kwa mkono huleta nafuu ya kiasi kwa maumivu mapya ya kiuno ndani ya wiki sita. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Tiba ya aina hii imo miongoni mwa zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, kukandwa na elimu kwa mgonjwa. Mwongozo huohuo haukupendekeza mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo wala dawa kali za jamii ya afyuni. Anayetaka kununua mkanda katika duka la dawa la katikati ya jiji aelezwe hilo kabla hajatoa pesa.

3. Ziara ya kwanza, hatua kwa hatua

*Maswali.* Maumivu yalianza lini, na ulikuwa ukifanya nini? Yanashuka mguuni? Yanakuamsha usiku? Umepungua uzito bila kukusudia? Umewahi kuanguka kutoka kwa bodaboda, kuugua saratani au kifua kikuu? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umetumia steroidi kwa muda mrefu? Una mimba? Mgonjwa abebe dawa zake zote, picha za zamani na barua za hospitali. Asifiche dawa za kienyeji wala ziara kwa mkandaji wa mtaani. Asione uvivu kujibu, kwa sababu hapa ndipo inapoamuliwa kama mgongo huu ni wa kunyooshwa au ni wa kupelekwa hospitali.

*Uchunguzi.* Ataombwa ainame, ajipinde, atembee kwa visigino na kwa vidole. Atalala chali na mguu wake uinuliwe ukiwa umenyooka. Maumivu yakimchoma mpaka chini ya goti, huenda neva imebanwa. Goti litagongwa kwa nyundo ndogo ya mpira, nguvu na hisia za miguu zitapimwa. Avae nguo zisizombana. Mwanamke ana haki ya kuomba mwenzake awemo chumbani.

*Picha.* Wengi hudhani hawajahudumiwa mpaka wapigwe eksirei. Kwa maumivu ya kawaida yasiyo na dalili za hatari, picha haihitajiki siku ya kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata miongoni mwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, asilimia 37 wana diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wa miaka 80 ni asilimia 96. Picha inaweza kumtia mtu hofu kwa jambo lisilo chanzo cha maumivu yake.

*Maelezo na ridhaa.* Kabla ya tiba, mtaalamu aseme anadhani tatizo ni nini, anakusudia kufanya nini, kuna hatari gani, na njia nyingine zipo zipi. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2013 unatambua haki ya mgonjwa kuelezwa na kuridhia. Anaweza kusema, "Leo nichunguze tu, tiba nitaifikiria." Anaweza pia kukataa shingo kuguswa na bado akatibiwa kwa mazoezi.

*Tiba.* Mgonjwa hulazwa kifudifudi au ubavu kwenye kitanda maalumu, kisha husukumwa kwa haraka na kwa umbali mfupi mahali palipochaguliwa. Huenda akasikia mlio. Mlio huo si mfupa unaorudi mahali pake. Picha za MRI za viungo vya vidole, zilizochapishwa mwaka 2015, zilionyesha uwazi wenye gesi ukitokea ghafla ndani ya kiungo kinapovutwa. Kukosekana kwa mlio hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa. Wengine hukandwa tu au kunyooshwa polepole, na wote wanapaswa kufundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani.

4. Saa 24 zinazofuata

Karibu nusu ya wagonjwa huona uchovu, maumivu ya misuli au kichwa kuuma kidogo baada ya tiba, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Mgonjwa atembee, afanye kazi nyepesi, na asijilaze kutwa nzima. Aahirishe magunia na mitungi ya maji kwa siku hizo akiweza.

5. Dalili za kutopita kliniki ya kunyoosha

Zifuatazo humpeleka mgonjwa hospitali moja kwa moja:

- ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kuvuja, au miguu kulegea ghafla: hii ni dharura ya saa, si ya siku;
- homa, jasho la usiku, kukonda au kibiongo kinachojitokeza. Kenya ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo hula pingili pia;
- maumivu baada ya kuanguka au ajali, hasa kwa mzee au mtu mwenye mifupa dhaifu;
- maumivu mapya ya shingo yasiyowahi kutokea, yakiambatana na kizunguzungu, kuona vitu viwili au ulimi kuwa mzito. Kupasuka kwa mshipa wa damu wa shingoni ni nadra, lakini kunaweza kuleta kiharusi, na shingo yenye dalili hizo isisukumwe kabisa.

6. Leseni na pesa

Fiziotherapia ina baraza lake nchini, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kiropraktiki haina baraza la namna hiyo, wala hakuna chuo kikuu cha Kenya kinachoifundisha kwa shahada. Wenye mafunzo kamili wamesoma ng'ambo. Walio karibu zaidi wamepitia Durban au Johannesburg. Kwa hiyo maswali matatu ni ya lazima: ulisoma chuo gani na kwa miaka mingapi, kliniki hii ina leseni ya nani, na ukiona jambo lisilo lako, unampeleka mgonjwa wapi? Cheo cha daktari kilichoandikwa mlangoni hakijibu lolote kati ya hayo. Leseni ya kituo cha afya inaweza kuhakikiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

Bei iulizwe kwa simu kabla ya kupanda matatu: uchunguzi ni kiasi gani, tiba ni kiasi gani, na bima ya kazini inakubalika? Anayeombwa kulipia vikao 20 au 40 siku ya kwanza akatae kwa adabu. Maumivu mengi mapya ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mpango mzuri huwa na vikao vichache, lengo linalopimika, kama vile kuweza kufua au kukaa kitini saa moja, na tarehe ya kupima maendeleo, tuseme mwisho wa wiki ya nne. Pasipo mabadiliko, tiba isimamishwe na mgonjwa atumwe kwingine.

7. Mapendekezo na majadiliano

Napendekeza kila mhudumu awe na karatasi moja yenye dalili za sehemu ya 5 na maswali matatu ya sehemu ya 6, aitumie kabla ya kumshauri mtu aende Westlands, abaki na mazoezi, au akimbizwe hospitali.

Kwa majadiliano ya vikundi:

1. Katika eneo lenu, mwenye ganzi ya ghafla saa tatu usiku anafikishwaje hospitali, na nani analipa nauli?
2. Wakandaji wa mtaani tuwafundisheje dalili za hatari bila kuwadharau?
3. Kwa wasiomudu kliniki za binafsi, ni mazoezi gani ya mgongo tunayoweza kuyaongoza wenyewe, wapi na siku gani za wiki?