UZI MWEUSI UNAOSHINDA CHUMA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya nyuzi za kaboni. Labda mtu atauliza, "Sisi watu wa reli, watu wa chuma na grisi, tuna haja gani na nyuzi?" Haja iko. Mwaka 2014, huko Kumamoto, Japani, gari la reli lilianza kuchukua abiria likiwa na springi za nyuzi hizi chini yake badala ya springi za chuma. Mwezi wa Januari 2025, mji wa Qingdao, China, uliweka njiani treni ambayo mabodi ya mabehewa yake na fremu za bogi zimeundwa kwa nyuzi hizo hizo. Uzito wa treni nzima umepungua asilimia 11. Kitu kilichofika kwenye reli za wenzetu chaweza kufika kwetu, na yafaa tukijue kabla hakijaingia karakana.

Hutengenezwa hivi. Huchukuliwa uzi wa akriliki, ndugu yake ule wa sweta na mablanketi. Hupitishwa katika tanuri la joto la digrii 200 mpaka 300, huku umevutwa usilegee, nao hugeuka mweusi. Kisha huingia tanuri la pili, digrii 1000 na zaidi, ambamo hewa ya kawaida imetolewa ikawekwa naitrojeni. Mchoma makaa huku kwetu hufunika tanuri lake kwa udongo, maana hewa ikiingia atapata majivu. Shauri ni lile lile. Karibu nusu ya uzito hutoka kwa moshi, na hubaki kaboni. Uzi mmoja ni mwembamba kama mara kumi kuliko unywele wa mtu.

Uzi mmoja haufai kitu. Hukusanywa maelfu, hufumwa kama kitambaa, hutiwa gundi ya epoksi, hupangwa tabaka juu ya tabaka katika kalibu, kisha huokwa mpaka ikawa ngumu. Kipande cha chuma cha kilo 5, ukiunda kingine cha ukubwa ule ule kwa kitu hiki, hupata kilo 1 hivi, na nguvu iko. Ndiyo sababu nusu ya uzito wa ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways iliipata mwaka 2014, ni vitu vya nyuzi na gundi.

Lakini, ndugu, kina tabia moja mbaya. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, nasi tukaona. Kitu hiki kikipigwa na jiwe au spana iliyoanguka, juu chaweza kuwa kizima na ndani tabaka zimeachana. Mafundi wa ndege hukigonga wakasikiliza mlio, kama vile watu wa reli walivyogonga magurudumu kwa nyundo. Mlio mfu ni ishara ya ubovu.

Tazameni chombo cha Titan cha kuzamia baharini, kilichoundwa na kampuni ya OceanGate ya Marekani kwa nyuzi hizi. Mkuu wake wa kazi za baharini aliandika juu ya hatari alizoziona. Mwaka 2018 akafukuzwa. Mwaka 2019 mwili wa chombo ulionekana una ufa, wakaunda wa pili. Julai 2022 waliokuwamo walisikia mshindo mkubwa, lakini chombo kikaendelea kutumiwa. Tarehe 18 Juni 2023 kilipondeka chini ya bahari, wakafa watu watano. Uzi haukuwaua peke yake. Waliua pia wale walioziba masikio.

Tena yako madhara ya kazini. Moshi wa matanuri yale una sumu ya saianidi. Gundi mbichi huleta ukurutu wa ngozi. Ukikata au kusaga, vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza kifua; nalo hupitisha umeme, likiingia katika swichi huleta shoti.

Kwa hiyo, siku kitakapokuja kwetu tusikikatae, maana kukataa maarifa ni kujifunga. Bali tudai mambo matatu: kwanza, mafunzo kabla ya kazi, yafike kwa kibarua kama kwa fundi; pili, glavu, vifuniko vya pua na mashine za kuvuta vumbi kwa gharama ya mwajiri; tatu, anayesema "hiki kibovu" asikilizwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiondoka mahali penye hatari kubwa ya hakika, asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa sababu hiyo. Lakini sheria haijisemei yenyewe kazini. Mtu mmoja akisema, huambiwa ni mkaidi. Tukisema sote, itabidi kitu kile kipimwe.

Umoja ni nguvu.