Mtepe: Chombo Kisicho na Msumari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nkololo)



Iliposemwa kwamba nitazungumzia vyombo vya baharini, baadhi yenu mlicheka, nami siwalaumu. Hapa kwetu ni pamba na ng'ombe. Lakini nivumilieni kidogo.

Mwaka 2006 nilipelekwa Unguja kikazi. Jumapili moja nikaingia Beit-al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo wakati huo lilikuwa makumbusho. Humo nikakuta chombo kikubwa cha mbao kiitwacho mtepe. Nilikizunguka nikitafuta msumari, nisiuone! Mbao zilikuwa zimetobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga la mtepe nalo ni mkeka.

Vyombo vya namna hii ni vya kale mno. Katika karne ya kwanza, mwandishi mmoja wa Kigiriki alieleza kisiwa cha pwani yetu ambako watu walivua samaki na kasa kwa mashua za kushonwa. Jina la mji wa Rhapta, aliokutaja pia, lilitokana na mashua hizo. Wareno nao walizikuta mwaka 1498. Siri yake ni kwamba chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hulegea kidogo, hakipasuki upesi. Wala si ufundi wa pwani peke yake: katika Ziwa Victoria, mitumbwi mikubwa ya Waganda ilishonwa vivyo hivyo kwa nyuzi za mimea.

Mitepe iliundwa na Wabajuni katika visiwa vya Lamu, ikapakia boriti hadi Unguja. Vyombo vya misumari vikaishinda, na katika miaka ya 1930 ikatoweka. Ule niliouona, uitwao Shungwaya, uliundwa mwaka 2003. Kwa kuwa miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita, mafundi iliwabidi wategemee mifano midogo na picha za zamani.

Hapo nikamkumbuka marehemu babu yangu. Alichonga ngoma, hapa hapa Ntuzu. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilimshikia tezo kila likizo, nikijificha wenzangu wasinione. Aliujua mti kwa kuugonga tu. Alinieleza kwa nini ukatwe mwezi fulani na si mwingine, nami sikuandika, maana daftari nililokuwa nalo lilikuwa la Jiografia. Leo siwezi hata kuutaja mti wenyewe.

Na msidhani makumbusho yatatutunzia kila kitu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka, watu 2 wakapoteza maisha.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta madaftari 40. Si ya hesabu. Kijana atakayechukua moja aende likizo hii kwa mzee anayejua kuunda kitu, kiwe kinu, mzinga, ngoma au mkokoteni, aandike vipimo, jina la mti kwa Kisukuma, na namna mkono unavyoshika chombo. Mzee akikataa kusema, mshikieni tezo kwanza. Mwakani, nikijaliwa, nitakuja kuyasoma yote.

Madaftari yako mezani kwa mwalimu wa zamu.