Siku Saba, na Tena Siku Saba: Neno kwa Anayengoja Jibu la Daktari

Masomo: Walawi 13:1-6, 1 Wafalme 19:1-8, Mathayo 26:36-46

 

Leo tunasema na mtu asiye na jibu. Kanisani tumezoea kumwombea mgonjwa ambaye ugonjwa wake una jina: malaria, kisukari, presha. Lakini kati yetu yupo dada ambaye jicho lake moja liliingia ukungu, likapona. Kisha miguu ikafa ganzi. Daktari akamwambia: inaweza kuwa SEP, inaweza kuwa kitu kingine, tutapima tena. Tangu siku ile hapati usingizi. Hiyo "inaweza" ndiyo mzigo wake.

SEP ni nini? Tuseme wazi, kwa sababu hofu inanenepa gizani. Ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Mishipa ya fahamu imevikwa ngozi laini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaotulinda wanageuka na kuila ile ngozi, na ujumbe wa ubongo haufiki vizuri kwenye mguu au jicho. Daktari Charcot wa Paris aliueleza mwaka 1868. Hauambukizi. Si uchawi wa jirani wala wa mama mkwe. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini ziko dawa za kupunguza mashambulizi yake, na wengi wanaishi nao miaka mingi.

Kwa nini jibu linakawia? Kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Dalili za namna hii zinaweza kuletwa pia na upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya UKIMWI, au kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari anaondoa moja moja. Anataka picha ya mashine ya IRM, pengine maji ya uti wa mgongo, pengine anangoja kuona kama kutakuja shambulio lingine. Na IRM kwa wengi wetu ni mbali: huyu anatumwa Kinshasa, yule anavuka mpaka kwenda Kigali au Kampala, na familia inatafuta dola kwanza.

Sasa Neno la Mungu linatuambia nini?

Kwanza, kungoja jibu si kukosa imani. Tusome Walawi 13. Mtu ana alama kwenye ngozi, analetwa kwa kuhani. Kuhani anatazama. Kama haijaonekana wazi, hasemi "wewe ni mkoma", wala hasemi "huna kitu, nenda". Anamtenga siku saba, anatazama tena. Kama bado, siku saba nyingine. Wapendwa, sheria ya Mungu mwenyewe iliweka siku za kungoja! Na kuhani alikatazwa kukimbilia hukumu. Basi sisi ni nani tukimbie mbele ya Mungu? Usimwambie dada yako "hilo ni pepo". Usimwambie "umeshapona, usirudi hospitali". Bwana anaponya, tunaamini na tunashuhudia. Lakini aliyeponywa haogopi kupimwa. Wale wakoma kumi, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Pili, hofu inakaa mwilini, na mwili unahitaji kuhudumiwa. Eliya, mtu wa moto wa Karmeli, alikimbia akalala chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Wewe unayengoja, kula hata kama hamu haipo. Usifunge siku nyingi mfululizo katika majira haya. Mungu anasikia pia maombi ya aliyekula. Ujue kwamba hofu yenyewe inapigisha moyo mbio, inafupisha pumzi, inawasha vidole kama sindano. Ikija, kaa chini, toa pumzi polepole, omba kwa maneno machache. Usiku simu iwe mbali, usitafute ugonjwa wako humo mpaka asubuhi. Andika kwenye daftari: tarehe, kilichotokea, kilidumu muda gani. Hilo litamsaidia daktari, nawe hutalazimika kulibeba kichwani mchana na usiku. Lakini jicho likizimika ghafla, miguu ikikataa, au mkojo ukifunga, usingoje tarehe ya randevu: nenda hospitali siku ileile.

Tatu, asingoje peke yake. Bustanini Gethsemane, Bwana wetu alihuzunika mpaka jasho. Hakuficha. Aliwaomba rafiki watatu wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Kanisa, tusilale! Tusimuulize kila Jumapili "jibu limetoka?" Tumuulize: "Mama, nani atakusindikiza siku ya kipimo? Watoto watakula kwa nani?" Mashemasi watafute nauli. Wamama wa maombi wamshike mkono bila kumtolea unabii ambao Bwana hakuwatuma. Na kama anasema hataki kuishi tena, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mchungaji na daktari waambiwe mara moja.

Jibu litakuja. Likiwa "hapana", tutaimba pamoja. Likiwa "ndiyo", hatutaondoka, kwa sababu Mungu aliyekuwa naye katika siku saba za kwanza ndiye wa siku saba za pili, na wa miaka yote baadaye. Hakuna karatasi ya hospitali inayobadilisha jina la mtoto wake.

Tuombe. Baba, mbele yako hakuna "inaweza", wewe unajua. Tunamweka mikononi mwako kila anayengoja. Mpe usingizi usiku huu. Wape madaktari macho ya kuona vizuri, nasi utupe miguu ya kumfikia. Katika jina la Yesu, Amina.