Mkondo wa Maji na Malezi ya Samaki Mchanga

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Waliwausia wazazi, lakini wafugaji wa samaki wamegundua kwamba hata samaki aliye hai hukunjwa angali mchanga, na anayemkunja ni maji.

Vifaranga wa samaki wakiwekwa katika maji yanayotiririka, hugeuka kuukabili mkondo na kuogelea ili wasichukuliwe. Zoezi hilo huimarisha moyo na misuli. Tena, kundi likielekea upande mmoja ugomvi hupungua, na nguvu ambazo zingepotea katika kung'atana hutumika katika kukua. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mazoezi ya kuogelea yaweza kuharakisha ukuaji wa samaki aina ya salmoni, na hata kuwasaidia kustahimili maradhi.

Umbo nalo hubadilika. Nchini Finland, watafiti waliwalea vifaranga wa salmoni na wa trauti, baadhi katika maji ya kasi na wengine katika maji ya polepole. Mwezi mmoja tu ulitosha kuleta tofauti. Katika maji ya kasi trauti walikuwa wembamba zaidi, ilhali salmoni walikuwa na kiwiliwili kinene zaidi. Mkondo ulikuwa mmoja, lakini kila jamii iliupokea kwa namna yake.

Hata hivyo, mkondo ukizidi huleta hasara. Katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, watafiti walibainisha mwaka 1997 kwamba mkondo mkali huwapinda uti wa mgongo vifaranga wa samaki aitwaye bass wa Ulaya, hata wale ambao kibofu chao cha hewa ni kizima. Misuli inayojitahidi bila kupumzika huvuta mifupa ambayo haijakomaa. Kasoro hiyo haifichiki sokoni, na bei hushuka.

Ndiyo maana wataalamu hupima kasi ya mkondo kwa kuilinganisha na urefu wa samaki. Mkondo wa sentimita 20 kwa sekunde humtaka samaki wa sentimita 20 aogelee urefu wake mara 1 kila sekunde. Kifaranga wa sentimita 2 humlazimu aogelee urefu wake mara 10. Mfugaji mwenye busara huanza na maji ya taratibu, akaongeza kasi kadiri samaki wanavyokua.