Kuponya si Kuumba Upya

Masomo: Mwanzo 11:1-9, Luka 10:25-37, Yohana 9:1-7

Vijana wetu wanatuuliza: wataalamu wakibadilisha mwili wa mtu tangu ndani kabisa, je, si wanajifanya Mungu? Wengine wanataka tujibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Sisi tunasema: tutazame kwanza kinachofanyika.

Katika kila mwili kuna jeni, ni kama maagizo madogo tuliyorithi kwa baba na mama. Tangu mwaka 2012 wataalamu wanajua kutumia chombo kinachoitwa CRISPR kukata maagizo hayo mahali wanapotaka. Chombo ni kimoja, lakini kimekwisha kutumiwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2023, Uingereza iliruhusu matibabu yanayoitwa Casgevy, kwa wagonjwa wa SS wenye miaka 12 na zaidi. SS tunaijua: mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho ni ya manjano, kila mara anatafutiwa damu. Katika matibabu hayo, waganga wanatoa chembe za mgonjwa mwenyewe zinazozaa damu, wanazirekebisha, kisha wanazirudisha mwilini. Mwili unaanza tena kutengeneza damu ya namna ile ya mtoto aliye tumboni, isiyoharibika kama ya SS. Badiliko hilo linabaki kwake. Watoto wake hawalirithi.

Wapendwa, hapa tunamwona Msamaria. Alikuta mtu ameumizwa, akafunga vidonda vyake. Kazi ya namna hiyo haipigani na Mungu.

Njia ya pili. Novemba 2018, mtaalamu wa Uchina, He Jiankui, alitangaza kwamba wasichana mapacha wamezaliwa baada yake kubadilisha jeni zao wakiwa bado hawajawekwa tumboni mwa mama. Baba yao alikuwa na virusi vya UKIMWI, naye alitaka watoto wasiweze kuambukizwa maisha yao yote. Lakini watoto hawakuwa wagonjwa, na njia ya kuwazaa bila virusi ilikuwa inajulikana tayari. Tena, kilichobadilishwa kwao kinaweza kufika mpaka kwa wajukuu. Desemba 2019 mahakama ya huko ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Hapa tunakumbuka Babeli. Dhambi ya Babeli haikuwa matofali, maana sisi pia tunajenga makanisa kwa matofali. Dhambi ilikuwa nia: watu walitaka kujifanyia jina.

Mzazi atatuuliza: na kama SS ingeondolewa kabla ya kuzaliwa, ili ukoo wote upone? Hamu hiyo ni ya upendo, hatuihukumu. Lakini chanjo tunayompa mtoto imepimwa kwanza, wala hairithiwi. Kosa likiingia katika jeni namna hiyo, linaweza kurithiwa na watu ambao hawajazaliwa, na hakuna anayejua jinsi ya kulirudisha nyuma. Kwa hiyo tunasema: tungoje, tusiwafanye watoto kuwa jaribio.

Tena kuna wanaoota mtoto wa kuagiza: mrefu, mwenye akili nyingi, mweupe, kama mtu anavyochagua kitambaa sokoni. Leo hakuna anayeweza kumtengeneza. Lakini moyo wa kumtaka tayari uko katikati yetu. Mafuta ya kujichubua yanauzwa kila soko. Na mtoto wa SS anaitwa wa kufa. Wanakataa kumlipia masomo, eti ni hasara.

Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu alikataa kumtupia lawama yeye wala wazazi wake. Basi kwa nini katika makusanyiko yetu mama wa mtoto wa SS anaambiwa kuna ulozi katika jamaa yake? Hatuwezi kuwahukumu wataalamu wa mbali kwamba wanadharau watoto wa Mungu, na sisi tunawadharau hapa.

Kila jambo jipya likija, tuulize maswali matatu. Nani anaponywa? Nani anabeba hatari? Na maskini anabaki wapi? Matibabu yale ya SS, bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dolari milioni 2.2. Msamaria alilipa mwenye nyumba ya wageni kwa feza yake mwenyewe. Uponyaji unaobaki kwa tajiri peke yake haujafika bado kwa jirani.

Tuanze na kilicho mikononi mwetu. Wachumba, mpimwe damu kabla ya kutangaza ndoa: wawili wakiwa AS, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Wazazi, msiachishe dawa kwa sababu mtoto ameombewa. Maombi na dawa havigombani. Na kanisa, siku mtoto wa SS amelazwa, tumsaidie mama yake kulipa hospitali, na wenye afya wakatoe damu.

Tuombe. Baba, utupe mikono ya kuponya, utuondolee moyo wa Babeli. Uwakumbuke watoto wanaolia usiku huu kwa maumivu, utufundishe kuwapokea kama walivyo. Katika jina la Yesu, amina.